Sadaka Isiyokuwa Yetu



Katika kabati la chumba cha mikutano cha parokia yetu kuna daftari la hesabu ambalo niliandika kwa mkono wangu kwa muda wa miaka minne, nilipokuwa mweka hazina wa kundi la vijana. Katika ukurasa mmoja wa daftari hilo kuna mistari mitatu inayofuatana. Wa kwanza: fundi seremala, kutengeneza mabenchi mawili, amelipwa. Wa pili: fundi wa redio, kutengeneza kipaza sauti, amelipwa. Wa tatu: sweta la dada anayekwenda utawani, nyuzi. Basi, nyuzi tu. Juu ya mikono iliyozifuma nyuzi hizo hakuna neno wala faranga moja. Nimekwisha kuandika mara kadhaa katika ukurasa huu juu ya makosa ya watu wengine. Leo naandika juu ya mstari huo wa tatu. Ninaamini kwamba makundi mengi ya vijana katika mji huu wa Kisangani yana mstari kama huo katika madaftari yao, na kwamba jina lake ni dhuluma.

Najua baadhi yenu mmekwisha kutabasamu. Sweta la uzi mnene hapa kwetu, karibu na ikweta, ambapo hata shuka la kujifunika usiku huwa mzigo? Ni kweli kwamba mavazi ya namna hiyo hatuyahitaji sana, isipokuwa asubuhi chache baada ya mvua kubwa, juu ya pikipiki au ndani ya boti mtoni. Lakini msafiri hujiandaa kwa hali ya hewa ya aendako, si ya atokako. Mwaka ule dada mmoja wa kwaya yetu alipokelewa na masista huko Butembo, juu katika milima ya Kivu ya Kaskazini, ambako baridi ya alfajiri si hadithi. Kundi likakata shauri kumwaga kwa zawadi. Mmoja wetu akatuonyesha katika simu yake picha ya sweta la kike: uzi mnene, shingo yenye umbo la herufi V ili ukosi mweupe wa blauzi uonekane, na kifuani misuko miwili mikubwa iliyoinuka kama nywele za msichana aliyesukwa vema, ikipanda kutoka kiunoni hadi mabegani. Wote tukasema: hilo hilo.

Tukampelekea picha mama mmoja wa Mangobo, mjane, ambaye wengi katika parokia wamevishwa naye siku ya ubatizo wao, kwa kuwa hufuma kofia, soksi na vikoti vya watoto wachanga. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akahesabu kitu midomo ikitikisika. Kisha akasema, «Wanangu, hii ni kazi.» Sisi tukacheka kwa furaha, tukamwambia kwamba kwa fundi kama yeye hakuna kazi. Ndipo tulipoanza kukosea. Mama alikuwa ametaja bei, nasi tukaisikia kama sifa ya picha yetu.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe, maana nadhani mtu hawezi kudhulumu kwa urahisi kitu anachokifahamu, nasi hatukufahamu lolote. Kwanza uzi. Madukani mwetu hupatikana nyuzi nyembamba za watoto wachanga, si uzi mnene kama ule wa picha. Mama akatupeleka kwenye mitumba, mahali ambapo masweta mazito ya wanaume wa Ulaya hulala chini ya rundo bila mnunuzi. La kwanza tulilolichagua alilikataa. Alilipindua ndani nje, akatuonyesha mshono: lilikuwa limekatwa kwa mkasi kama kitambaa, na ukilifumua utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono, visivyofaa chochote. Akachagua mawili mengine, ambayo kila kipande kilifumwa hadi pembeni. Nyumbani akafungua mishono kwa wembe, akatafuta ncha, akafumua, akazungusha uzi juu ya mgongo wa kiti, akaufua, akauning'iniza na jiwe chini yake ili mikunjo inyooke. Hata hapo uzi haukuwa na unene wa kutosha, ikabidi afume kwa nyuzi mbili zilizoshikwa pamoja. Siku nne zilipita kabla ya kitanzi cha kwanza.

Kisha alifuma kipande kidogo cha majaribio, akakipima: vitanzi 11 katika sentimita 10. Dada yetu alihitaji sweta la sentimita 100 kuzunguka kifua. Kwa hesabu ya darasani hiyo ni vitanzi 110, nami nikasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mama akatikisa kichwa: misuko hukaza kitambaa, kila msuko hula upana, kwa hiyo ni lazima kuongeza vitanzi, la sivyo dada hatapumua.

Na msuko hufanywaje? Chukua vitanzi sita. Vitatu vya kwanza unavitoa katika sindano kubwa na kuvishikilia kwa sindano ndogo ya msaada, ambayo kwa mama huyu ilikuwa njiti ya gurudumu la toleka, iliyosuguliwa mpaka ikawa laini. Unaviacha vining'inie mbele, unafuma vitatu vinavyofuata, kisha unavirudia vile vitatu vilivyosubiri. Hivyo vitanzi hupishana, cha kushoto kikienda kulia na cha kulia kushoto. Kwa uzi mwembamba ni mchezo. Kwa uzi mnene vitanzi hukataa kupishana, hung'ang'ania, na vidole huuma hasa penye kiungo cha kwanza. Ukiviweka nyuma badala ya mbele, msuko hupinda upande usiotakiwa, nawe hutaona kosa mpaka umepanda safu kumi juu yake. Hapo hakuna dawa isipokuwa kufumua.

Kisha shingo. Kifua kinagawanywa sehemu mbili, na kila sehemu inapunguzwa kitanzi kimoja ukingoni kila safu ya pili, baadaye kila safu ya nne, pande zote mbili sawasawa, huku misuko ikiendelea kupanda kana kwamba hakuna kinachotokea pembeni. Mwishoni vitanzi vinaokotwa upya kuizunguka shingo yote, na pale kwenye ncha ya V kinaachwa kitanzi kimoja cha katikati, kinachopunguziwa kulia na kushoto katika kila mzunguko. Mfumaji mvivu hutambulikana hapo, kwa sababu ncha yake hujikunja.

Baadaye sana, nilipokuwa nimeanza kuona haya, nilikaa na kalamu nikahesabu. Mwili wa sweta: vitanzi 110 mara safu 90, ni 9,900. Mikono miwili: karibu 5,000. Ondoa nafasi ya shingo na makwapa. Havibaki chini ya 13,000. Mwenye kufuma usiku kwa mwanga wa tochi, umeme ukiwa umekatika, akifanya vitanzi kumi kwa dakika, anahitaji dakika 1,300, yaani saa 21 na ushei, kabla ya kushona vipande pamoja na bila kosa hata moja. Nasi tulimwongezea. Mkono wa kwanza ulipokwisha, tulitaka uwe mrefu zaidi kwa sababu ya baridi ya Butembo. Mama akatuambia kwamba uzi mzito hujivuta wenyewe baada ya kufuliwa, kwamba mikono itashuka. Hatukusadiki. Akafumua kazi ya usiku mbili.

Jumapili ya kuaga, baada ya Misa, tulilionyesha sweta mbele ya waamini, na watu wakapiga makofi. Mama tulimpa kilo moja ya sukari na vipande viwili vya sabuni. Nami, kwa kinywa changu mwenyewe, nikamwambia: Mungu atakulipa, mama.

Majuma machache baadaye nilimwuliza msichana mmoja wa kundi letu kwa nini haonekani tena na sare ya shule. Ni mjukuu wa yule mama. Alijibu bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari za mvua: bibi alikuwa na kazi mbili za watoto wachanga, za wanawake wa Makiso, na fedha zake zilikuwa za karo, lakini sweta la kundi lilichukua siku zote, watoto wakazaliwa, na wanawake wale wakanunua kwingine. Mtoto mchanga hasubiri. Basi karo haikupatikana, na shule ikamrudisha nyumbani.

Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini seremala hatukumwambia kwamba Mungu atamlipa. Seremala naye ni mkristo, tena ni mtu wa jumuiya yetu. Mabenchi yake ni ya kanisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumpelekea sabuni.

Sehemu ya jibu, nadhani, iko katika namna ufundi huu ulivyofika kwetu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, hasa katika miaka ya 1940 na 1950, miji ya Kongo iliwekewa nyumba za kufundishia wanawake, zile ambazo bibi zetu huziita fwaye. Humo mwanamke alifundishwa kushona, kufuma, kupika, kupiga pasi na kulea, ili awe mke mwema wa karani au wa fundi. Mumewe alijifunza kazi. Yeye alijifunza kuwa mwema. Sindano za mume, kama alikuwa mshonaji, zilikuwa chombo cha kuleta mshahara, na sindano za mke zilikuwa ushahidi wa tabia njema. Sidharau nyumba zile, kwa maana mikono mingi imepata mkate kwa kile ilichojifunza humo. Lakini tumerithi humo pia wazo kwamba kufuma si kazi bali ni upole wa moyo, na upole haulipwi.

Tazameni hata hapa kwetu, penye maporomoko. Wanaume Wagenya husuka mitego yao mikubwa ya samaki, huitundika katika majukwaa ya miti juu ya maji yanayochemka, na wageni hutoka mbali kuwapiga picha na kulipa. Tunasema: huo ni ufundi wa mababu. Ni kweli, na ninaupenda. Lakini mwanamke anaposuka kamba za sufu kifuani pa sweta, akihesabu kichwani mambo manne kwa wakati mmoja, tunasema: mama ana subira.

Ile misuko yenyewe tuliyoipenda katika simu ina habari yake. Inajulikana sana kutoka visiwa vya Aran, magharibi ya Ireland, visiwa vya mawe na upepo. Husimuliwa kwamba kila jamaa ilikuwa na msuko wake, ili mvuvi aliyezama atambulikane kwa sweta lake. Ni hadithi nzuri, lakini ni hadithi tu. Ukweli ni mkavu zaidi: wanawake maskini wa visiwa vile waliikuza kazi hiyo katika karne ya 20 kwa kuiuza, ili wapate fedha nyumbani. Mfano ambao sisi tuliuagiza bure ulienea duniani kwa sababu wanawake walihitaji kulipwa.

Nimesikia pingamizi mbili, nami naziheshimu kwa sababu zilikuwa zangu.

Ya kwanza husema: mama alikubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Papa Leo XIII aliijibu katika waraka wake Rerum Novarum, tarehe 15 Mei 1891, alipofundisha kwamba kukubaliana peke yake hakutoshi, na kwamba mfanyakazi anayepokea masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, ametendewa jeuri ambayo haki inaikataa. Waraka ule ulifikiria viwanda na migodi, lakini mjane anayeogopa kuitwa mchoyo katika jumuiya yake naye ameshikwa. Angewezaje kusema hapana mbele ya vijana ishirini wanaoimba? Tena, Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alilitwaa jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na waraka huo. Jambo hili, basi, si la makumbusho.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa imevaa nguo za ibada. Husema: ilikuwa sadaka, na ukimlipa mtu unamnyang'anya thawabu yake. Ndugu zangu, tusome vizuri. Yule mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12, aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hazina, hakuna aliyemfuata nyumbani na mfuko. Alikwenda mwenyewe, akatoa chake. Na hapo hapo, katika aya inayotangulia habari zake, Bwana anawakemea watu wa dini wanaozila nyumba za wajane. Nimesikia mahubiri mengi juu ya zile sarafu mbili, na machache sana juu ya aya ile ya jirani. Sadaka ni ya yule anayetoa. Sisi tulitoa saa za mama yule, tukapokea makofi kwa niaba yake. Tulimpa dada yetu zawadi isiyokuwa yetu.

Maandiko hayawaoni wafumaji kama sisi tunavyowaona. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 31 tunayopenda kuisoma kwenye sikukuu za akina mama, kinamsifu mwanamke atafutaye sufu na kitani, lakini hakikomi kwenye sifa: aya ya mwisho inaagiza apewe matunda ya mikono yake. Huko Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Tabitha alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na mavazi aliyoyafanya. Nguo zilikuwa ndiyo habari ya maisha yake. Na chini ya msalaba, Injili ya Yohane inatuambia kwamba kanzu ya Bwana haikuwa na mshono, ilikuwa imefumwa kipande kimoja toka juu, ndiyo maana askari waliogopa kuirarua wakaipigia kura. Kuna mtu aliifuma kanzu ile, na jina lake hatulijui. Lakini askari wale, pamoja na ukatili wao wote, walitambua thamani ya kazi walipoiona.

Mwaka 2025, tarehe 15 Juni, Roma, Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alitangazwa mwenyeheri. Aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa na hakuruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Sisi vijana wa Kongo tunamshangilia, tunabeba picha yake, na tunaapa kwamba hatutapokea kisicho halali. Vema. Lakini fedha chafu za kukataa hazijafika mlangoni kwangu hata mara moja. Kilichofika ni deni la saa 21 na ushei, nami nililiita baraka.

Basi tufanye nini? Mimi sipendekezi kwamba kila tendo jema katika parokia liwe na ankara. Mama akija mwenyewe na kofia aliyomfumia mtoto wa jirani, mshukuruni na mnyamaze. Lakini kundi linapoagiza, limekuwa mwajiri, hata kama linaimba. Mwajiri huuliza bei kabla ya kuonyesha picha ya pili. Hutoa sehemu ya fedha mwanzoni, kwa kuwa mfumaji anaacha kazi nyingine. Akibadilisha maneno katikati, analipa na kile kilichofumuliwa. Na siku ya mwisho hangoji mkutano wa kamati, kwa maana Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linataka maskini apewe ujira wake kabla jua halijatua, wala halitaji kamati. Kama fedha hazitoshi kwa sweta, dada anaweza kuondoka na kofia ya sufu iliyolipiwa, na baridi ya Butembo itamhurumia kidogo.

Ningependa pia wavulana kwa wasichana wakae jioni moja na sindano mbili na donge la uzi, wafume safu kumi tu. Si ili wote wawe mafundi. Mimi nilijaribu. Kitambaa changu kilianza na vitanzi ishirini na kikaisha na ishirini na sita, na mpaka leo sijui vile sita vilitoka wapi. Lakini tangu hapo sijajadiliana bei na mfumaji.

Deni letu tulilileta mbele ya kundi. Palikuwa na maneno makali, tena wengine walisema ninawaaibisha kwa jambo lililokwisha sahauliwa. Mwisho tulikubaliana kulipa saa zile kwa kipimo cha siku ya seremala, maana hatukupata sababu ya kutumia kipimo kingine. Tulilipa kwa mafungu matatu, la mwisho siku chache kabla ya Noeli. Msichana alirudi darasani akiwa amepoteza majuma matano, na majuma hayo hatukuweza kumlipa.

Dada yetu ameandika kutoka Butembo. Anasema sweta linamfaa, masista wanamwuliza limefumwa wapi, ila tangu lifuliwe mara ya pili mikono imeshuka, naye huikunja mara mbili anapoosha vyombo. Nilikwenda Mangobo kumsomea mama barua ile mlangoni kwake. Alikuwa na kikoti cha mtoto mchanga mapajani, hakuinua macho. «Niliwaambia,» akasema, akaendelea kuhesabu.